Onja Mchuzi Kwanza

Mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu za maabara, na kijana mliyemtuma akaniambia mnataka "zile za kufurahisha, Madam, za zamani." Haya. Za zamani zipo na za kufurahisha zimo. Lakini nimestaafu, hakuna tena wa kunipandisha wala kunishusha, kwa hiyo mtanivumilia nikifika kwenye yale yaliyonikaa kooni. Na mengine mliyaona kwa macho yenu, msijifanye wageni.

Kwa wale walioajiriwa juzi, mimi ni Saada. Wazazi wangu walihama Pwani wakafungua duka la vitambaa katikati ya jiji, nami nilikulia ghorofani juu ya duka hilo. Kazi yangu yote niliifanya katika chumba kimoja cha chini ya ardhi, chumba kisicho na dirisha, nikiangalia molekuli zikipigwa na mwanga wa urujuanimno, ule mwanga wa jua usioonekana lakini ndio unaochoma ngozi. Molekuli ikipigwa na mwanga huo hupandwa na mori. Imebebeshwa nishati isiyo yake na lazima iutue mzigo huo mahali. Ikiutua haraka, ukaisha kama joto kidogo tu, hakuna neno. Ikikawia, inavunjika, au inamvunja jirani yake. Swali letu la kila siku lilikuwa, nani anaisaidia kutua? Na jibu, miaka nenda miaka rudi, lilikuwa ni kile kimiminika kinachoizunguka. Vitabuni kinaitwa kiyeyusho. Sisi tulikiita mchuzi.

Jina hilo alilileta Mzee Gurdip, aliyenipokea siku ya kwanza. Alikuwa Singasinga wa makamo, aliyejifunza mambo ya lenzi katika duka la miwani la baba yake, mtaa wa pili kutoka duka letu, kabla hajaenda kusomea fizikia ng'ambo na kurudi. Nilifika nimevaa viatu vya kisigino na bangili hadi karibu na kiwiko, maana mama yangu alisema mtu haendi kazini siku ya kwanza kama anakwenda sokoni. Mzee Gurdip hakuniuliza shahada. Alinitazama mikono.

"Toa bangili, mama," akasema. "Mwanga ikigonga hiyo, inaruka inaingia kwa jicho ya mtu."

Nikazitoa zote pale mlangoni, na tangu hapo sikuvaa bangili siku ya kazi. Mpaka kwenye harusi ya dada yangu, iliyoangukia siku ya kazi, nilifika mikono mitupu nikitokea maabara, shangazi zangu wakanong'onezana kwamba mume wangu ni bahili. Mume sikuwa naye bado.

Mashine alinieleza hivi, na sijapata maelezo bora hata kwa wale wanaokuja na picha za rangi. Leza inatoa pigo la mwanga, fupi kuliko chochote unachoweza kukiwaza. Unaligawa mara mbili. "Ya kwanza inapiga," alisema. "Ya pili inakuja kuuliza: umepigwa, sasa uko aje?" Ile ya pili unaichelewesha kwa kuipitisha njia ndefu kidogo. Ukisogeza kioo kwa unene wa unywele mmoja tu, umeichelewesha kwa muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Basi unasogeza, unauliza, unasogeza, unauliza, na majibu yanachora mstari kwenye skrini. Mstari ukipanda ukashuka upesi, molekuli imetulia. Ukipanda ukakaa huko juu, ujue kuna taabu.

Leza yetu haikupenda joto, haikupenda baridi, na stima ya Nairobi haikuipenda kabisa. Ukiipanga asubuhi nzima, vioo vyote vimetazamana vizuri, taa zinazima, mnaanza upya. Mzee Gurdip hakuwahi kutukana stima ikipotea. Alikuwa anafunika vioo kwa kitambaa safi, anavua miwani, anasema, "Twende tukule." Tukaenda Kenyatta Market, kwa mchinjaji aliyenihakikishia kwamba nyama yake ni halali. Kabla nyama haijakatwa, Mzee Gurdip aliagiza kikombe cha supu, akaonja. Ikiwa supu ni mbovu tulihama kibanda, hata kama nyama ilikuwa inanukia mtaa mzima. "Nyama inaweza kudanganya wewe," aliniambia. "Mchuzi hapana."

Ndipo nilipoelewa amri yake ya kazini. Hakuna molekuli iliyopimwa chumbani mle kabla ya kupimwa kimiminika peke yake, siku ile ile, katika chombo kile kile cha kioo. Tuliita kuonja mchuzi. Maana mwanga ukifika, mchuzi nao unapiga kelele yake, na kioo kinapiga yake. Kila mwanafunzi mpya hushangilia mlima wa kwanza anaouona kwenye skrini, na mara nyingi mlima ule ni wa mchuzi mtupu. Mzee Gurdip aliandika kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha kadibodi, ONJA MCHUZI KWANZA, akakibandika juu ya mlango. Alipostaafu alikiacha. Alipofariki, nilikiwekea karatasi ya plastiki kisipauke. Mpaka leo mnapita chini yake kila asubuhi.

Amri hiyo ilikuwa na upande wa pili, na huo ndio uliokuja kututoa jasho. Mchuzi haupigi kelele tu, unaamua kesi. Molekuli moja ukiitia katika maji inaweza kutulia kabla hujapepesa jicho, kwa sababu maji yanaishika, yanaipokonya mzigo. Ichukue hiyo hiyo, uitie katika mafuta, hakuna wa kuishika. Inakaa na mori wake mpaka inapasuka. Molekuli ni ile ile, haijabadilika hata kidogo. Nimeliona jambo hilo mara nyingi sana, na kila mara kuna msomi aliyeniambia, "Lakini mchuzi ni mchuzi tu, Bi Saada." Nilikuwa nikicheka. Siku hizi sicheki.

Sasa tufike kwenye krimu.

Mkurugenzi wetu nitamwita Prof, kwa kuwa hakuna aliyemwita vingine. Siku moja alirudi kutoka mkutano wa chakula cha mchana na watengenezaji wa krimu huko Karen akiwa na uso wa kung'aa. Taasisi yetu ilikuwa imeombwa kuthibitisha krimu ya kukinga jua, itakayogawiwa bure kwa watu wenye ualbino. Kazi njema, nami nilifurahi. Molekuli ya kinga ililetwa, tukaipima katika spirit safi kwa sababu ndivyo inavyopimwa duniani kote. Aliyeipima ni Njoki, mwanafunzi wangu wa uzamifu, binti mtulivu mwenye mikono isiyotetemeka, ambaye Mzee Gurdip angempenda. Alionja mchuzi, akapima. Mstari ukapanda, ukashuka papo hapo. Molekuli safi kabisa. Prof akagonga muhuri.

Kisha watengenezaji wakaichukua molekuli yetu iliyopita mtihani, wakaitia katika mafuta ya bei rahisi, wakajaza vichupa. Walibadilisha mchuzi. Hawakutuambia, na aliyekula nao chakula hakuwauliza.

Aliyeniambia ni Akinyi. Akinyi ni msusi wangu, ana kibanda cha nywele pale Kenyatta Market, na ana ualbino. Mtandio wangu usiwadanganye, chini yake kuna kazi ya sanaa, na ni ya Akinyi. Kibanda chake kimeezekwa kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga, na mchana jua linamwagika humo ndani hata kiti kinachoma. Nilikuwa nimeketi katikati ya miguu yake, kichwa nusu kimesukwa, aliposema:

"Daktari, hii krimu yenu ya bure ni ya kazi gani? Napaka asubuhi, ikifika saa sita niko nyekundu tu vile sijapaka."

"Unapaka ya kutosha?"

Akanivuta nywele kidogo, kwa makusudi. "Nimepaka krimu tangu nizaliwe. Wewe usinifunze kupaka. Ile ya zamani ilikuwa inakaa. Hii inatoroka."

Neno hilo, inatoroka, lilinitoa usingizini. Nikaomba kichupa chake, naye akanipa, akabaki na kofia tu ya kumkinga mpaka apate kingine. Nilitoka pale upande mmoja wa kichwa haujamalizika.

Njoki akatafuta mafuta yale yale yaliyoandikwa kwenye kichupa, akayapata kwa muuza kemikali mmoja mjini. Akayaonja peke yake. Kimya, mstari umelala kama maji ya beseni. Akatia molekuli. Mstari ukapanda, ukashuka nusu, ukakaa. Akasogeza kioo mpaka mwisho wa reli yake. Umekaa vile vile.

"Madam," aliniambia, "imekataa kushuka."

Tukarudia kwa mafuta mapya, tukarudia kwa chombo kingine. Tukaipima tena katika spirit, kuona kama leza ndiyo iliyoharibika, nayo ikatoa jibu lile lile la mwanzo. Tukaweka mafuta yenye molekuli chini ya taa ya urujuanimno tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, sehemu kubwa ya kinga haikuwepo tena. Ilikuwa imevunjika. Akinyi alisema inatoroka, na kweli ilikuwa inatoroka, juu ya uso wake, kila siku, kabla ya saa sita.

Nilikwenda kwa Prof nikiwa na hakika kwamba angeshika simu papo hapo. Mimi hupenda kuamini watu, hata baada ya miaka yote ile. Aliitisha kikao, na hapa ndipo baadhi yenu mnaingia, maana mliketi kando ya meza ile.

"Hiyo ni kelele ya mchuzi," alisema.

"Tumeuonja, Prof. Mchuzi uko kimya."

"Basi ni leza."

"Leza tumeijaribu kwa spirit, siku ile ile."

Akafunga kalamu yake. "Bi Saada, tuliulizwa kuhusu kiungo. Kiungo kimepita. Mchuzi si kazi yetu."

Nataka mnielewe vizuri. Nilikuwa nimetumia maisha yangu katika chumba kisicho na dirisha nikipima mchuzi. Hiyo ndiyo kazi iliyotuletea leza, iliyomletea yeye kiti anachokikalia, na hiyo ndiyo aliyoitangaza kwenye kila hotuba. Na siku mchuzi ulipokuwa unamuunguza mtu mwenye jina, akaniambia si kazi yetu.

Akamgeukia Njoki, akamwambia aiondoe sura ya nne ya tasnifu yake, yenye vipimo vya mafuta, ndipo tasnifu iende kwa watahini. Njoki akajibu kwa sauti ndogo, "Prof, sitaitoa. Ni ukweli." Prof akatutazama sisi wengine, akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa. Mwacheni." Mmoja wenu alicheka. Namjua.

Nikaenda kwa mamlaka inayohusika na dawa na vipodozi. Karani aliyenipokea alikuwa muungwana, akanisikiliza hadi mwisho. Akaniambia muhuri wa taasisi hautenguliwi kwa maneno. Walihitaji ripoti ya vipimo yenye sahihi za wafanyakazi wawili wa maabara, kila mmoja awe ameviona vipimo mwenyewe. Njoki alikuwa mwanafunzi, sahihi yake haikuhesabiwa. Yangu ilikuwa moja. Iliyobaki ilikuwa moja tu.

Nikaanza kuzunguka korido. Sitawataja majina, ila maneno yenu nitayataja, kwa kuwa nimeyabeba. "Madam, mkataba wangu unaisha hivi karibuni, unanielewa." Nilielewa. "Madam, ngoja nifikirie wikendi." Wikendi hiyo haijaisha bado. "Madam, mimi mambo ya mafuta si fani yangu." Huyo alikuwa ameandika tasnifu yake kuhusu mafuta. Na mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia, "Madam, mimi nakuunga mkono kimoyomoyo." Nilimuuliza kama moyo wake una kalamu. Akachukia, na hadi leo hanisalimii. Sikuwaomba mniamini. Niliwaomba mshuke ngazi, mje muone mstari. Hakuna aliyeshuka.

Njoki alikataa kuitoa sura ya nne, na tasnifu yake haikwenda popote. Sasa anafundisha fizikia sekondari moja huku mtaani Satellite, si mbali na nyumbani kwangu. Jumamosi hupita kunijulia hali, tunakunywa chai, hatuzungumzi leza. Mara moja tu aliniambia wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Mchuzi, kwa kuwa haanzi jaribio bila kupima chombo kitupu. Akacheka, na mimi nikaenda jikoni kutafuta sukari ambayo ilikuwa mezani.

Akinyi aliiacha krimu ile nilipomwambia, lakini alikuwa ameshaipaka kwa muda mrefu. Palianza kidonda juu ya sikio la kushoto, kidogo, kisichopona. Alidhani ni kofia inamkwaruza. Hospitali wakasema ni saratani ya ngozi, wakakata, na sehemu ya juu ya sikio ikaenda nayo. Nilikwenda kumwona wodini. Bandeji ilikuwa imezunguka kichwa, naye alikuwa anamsimulia muuguzi jinsi ya kutunza nywele. Nikaikumbuka methali ya Prof. Nikatoka nje, nikasimama kwenye veranda mpaka nilipoweza kurudi ndani bila kulia.

Kisha nikastaafu. Mliniandalia sherehe uani, na keki iliyoandikwa jina langu kwa herufi moja pungufu. Nilialikwa nije na familia. Nilikuja na Akinyi.

Prof alitoa hotuba nzuri, sitamnyima haki yake. Alisema, "Bi Saada ndiye aliyetufundisha sote kuonja mchuzi kwanza," na nyote mkapiga makofi. Niliwatazama mmoja mmoja. Akauliza kama kuna mgeni mwenye neno. Akinyi akasimama. Alikuwa amevaa ile kofia yake pana.

"Mimi ni Akinyi, mimi ndio nasuka Daktari," alisema. "Nataka kuuliza Prof kitu moja tu. Hiyo krimu ya watu kama mimi, mlipima mkiwa mmeweka kwa kitu gani?"

Prof alikuwa mpole. "Katika spirit safi, dada. Ndicho kipimo kinachokubalika kimataifa."

Akinyi akavua kofia. Aliivua polepole, akageuza kichwa upande ili waliokuwa nyuma nao waone.

"Sawa," akasema. "Mimi nilikuwa napaka kwa masikio."

Akavaa kofia yake, akaketi, akaomba chai. Prof akasema muda umekwenda. Na ninyi mkakata keki. Hilo siwezi kulisahau, jinsi sauti za vijiko zilivyoanza tena, kwanza kimoja, halafu vyote. Mmoja wenu aliniletea kipande, akaniambia hongera.

Krimu ile bado inagawiwa. Akinyi anawaambia wenzake waiache, na wengine wanamsikia, lakini yeye ni msusi na chupa ina muhuri wetu. Kila anayeamini anaamini muhuri wetu. Wakati ninyi mnasoma haya, kuna mama mahali anampaka mtoto wake mashavuni, kisha anamruhusu akacheze nje.

Mliniomba mawaidha ya kumalizia. Nina moja, na si gumu. Katika kabati la chini, kushoto kwa leza, nyuma ya chupa za spirit, kuna chupa ya kahawia iliyofungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha. Ni mafuta yale yale, na kando yake kuna kichupa kidogo cha molekuli. Ipangeni leza, msogeze kioo, muulize swali. Mstari ukishuka, nitakuja nimwombe Prof radhi uani pale pale mbele yenu, na keki nitaileta mimi.

Usiposhuka, ripoti iko kwenye droo ya juu ya meza niliyoiacha. Sahihi yangu ipo, niliitia nikiwa bado kazini. Chini yake kuna nafasi ya jina moja. Bangili mzitoe mlangoni, na mchuzi muuonje kwanza.